Ng'ombe Watatu kwa Ajili ya Mchanga

Nilimwoa mwalimu wangu wa jiografia. Nalisema mapema ili msomaji asidhani kwamba mambo ya dunia nimeyajua kwa kutembea. Yote niyajuayo kuhusu mito, pepo na majangwa niliyapata kwenye masomo ya jioni, hapa Mwanza, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, nimebanwa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yakinigusa kidevu. Karabai moja ilivuta wadudu wote wa Ziwa Viktoria na wengine nadhani walitoka Uganda. Mwalimu alikuwa binti wa Kihaya, Mlutheri, asiyetabasamu mpaka jibu liwe sahihi. Nilikosea majibu miaka miwili. Mwaka wa tatu nikapata moja, akatabasamu, nikapeleka posa.

Jirani yangu wa dawati alikuwa Mwarabu mwenye duka. Alizaliwa upande wa Misungwi, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mimi nikikwama neno, namuuliza yeye. Tulimaliza masomo tukabaki marafiki. Miaka ya tisini biashara ilipofunguliwa, kila aliyekuwa na meza na sabuni kumi akawa mfanyabiashara, na duka lake likabanwa pande zote. Akafunga, akawafuata ndugu zake Omani, kwenye mji mmoja wa pwani uitwao Sur. Tulimsindikiza, tukajua ndiyo basi.

Mimi wakati huo nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha samaki. Viwanda hivyo viliota ufukweni kama uyoga, na kazi yangu ilikuwa chumba cha barafu. Baridi ya mle ndani ilikuwa kali kiasi kwamba ukimsalimia mwenzako asubuhi, salamu inamfikia saa nne. Nilivaa makoti matatu katika mji ambao watu wanatembea wakijipepea.

Barua yake kutoka Sur ilifika siku ya Jumamosi. Nilimsomea Mwalimu akiwa anaosha vyombo uani.

"Mwangaluka, ndugu yangu," ndivyo ilivyoanza, kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kama vile mwandishi yuko ng'ambo ya barabara. "Mwambie Mwalimu lile jangwa alilotuchorea lipo kweli. Ni mwendo wa saa mbili au tatu kwa gari kutoka hapa baharini. Njooni mkae kwangu wiki mbili. Asubuhi tutaoga bahari, jioni tutakula vumbi. Viza nitawaombea mimi. Ninyi leteni pasipoti na nia. Na michembe, kama mtapata. Nimekula tende mpaka nimeanza kuota kokwa."

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Msukuma akiwa mbali na kwao, hicho ndicho anachokililia, na huyu alikuwa Msukuma kwa kila kitu isipokuwa pua.

"Soma tena pale," Mwalimu akasema.

"Penye michembe?"

"Penye jangwa."

Nilisoma mara nne. Kisha akachukua sahani ambayo alikwisha kuiosha, akaiosha tena.

"Unajua," akasema, "mwaka juzi mtoto mmoja wa darasa la tano aliniuliza kama nimewahi kuliona jangwa. Nikamwambia akae chini."

"Sasa ubaya uko wapi?"

"Ubaya ni kwamba alikaa."

Nilimfahamu mke wangu. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amefundisha kitu asichokijua, na sasa mtu alikuwa amemwambia kipo, na kwamba anaweza kukifikia. Tangu jioni ile nyumba yetu ilikuwa na shughuli moja.

Mimi nilisema twende mwezi wa sita, shule zikifungwa. Hoja yangu ilikuwa kwamba Mwanza mwezi wa sita kuna ubaridi mzuri wa kiangazi, basi na kule kutakuwa hivyo hivyo.

"Swali hilo ulilikosa mwaka wa kwanza," akasema Mwalimu. "Na mwaka wa pili."

Ikawa mwezi wa kumi na mbili, joto la kule likiwa limepungua. Alichukua karatasi ya manila na kupanga safari jinsi alivyojua kupanga jambo lolote, yaani kwa andalio la somo. Safu ya kwanza siku, ya pili mada, ya tatu lengo, ya nne zana, ya mwisho tathmini. Siku ya pili, mada: bahari, zana: kanga mbili na kandambili. Siku ya tatu, mada: soko la samaki; lengo: kulinganisha na letu la Mwaloni. Siku ya tano mpaka ya saba, mada: jangwa. Kwenye lengo aliandika neno moja, kuona. Kwenye tathmini aliacha wazi. Nikamuuliza mimi nimewekwa wapi. Akanionyesha safu ya zana.

Nauli ndiyo iliyotuvusha ziwa. Kwetu ni upande wa Sengerema, na ng'ombe wangu walikuwa kwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu. Ng'ombe wako Usukumani ni wako kwa jina. Kumuuza unahitaji sababu ambayo ukoo mzima unaweza kuimeza. Tukaenda Kigongo, tukapanda kivuko mpaka Busisi, tukapanda gari, tukatembea. Tulimkuta baba mkubwa zizini na bomba la dawa mgongoni, anawapulizia ng'ombe dawa ya kupe, na yeye mwenyewe amelowa kuliko ng'ombe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani amefariki?"

"Hakuna, baba. Tunataka kusafiri. Arabuni."

"Nani anaumwa huko?"

"Hakuna anayeumwa. Tunakwenda kutembea. Wiki mbili, halafu tunarudi."

Aliendelea kupuliza ng'ombe mmoja mzima, kichwa hadi mkia. "Kutembea," akasema. "Na mnatembelea nini?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu yenye bahari, ngome za kale na uhusiano wa mataifa. Mwalimu akaniwahi.

"Mchanga, baba."

Baba mkubwa akafunga bomba. "Mnataka kuuza ng'ombe watatu mkaangalie mchanga. Hapo Busisi mmeshuka kwenye kivuko, mmekanyaga nini?"

"Mchanga."

"Mlilipa?"

Mimi nikacheka. Mwalimu hakucheka. Akamweleza, polepole, kwa Kiswahili chake cha shule, kwamba kila mwaka anasimama mbele ya watoto na kuwaeleza jangwa kama mtu aliyetoka huko jana. Watoto wanaandika, wanamwamini, na yeye hajui. Anaona kama anawadanganya. Baba mkubwa alimsikiliza akiwa ameshika mkono wa bomba.

"Huyu mumeo," akasema mwisho, "tangu mdogo anasema uongo na anashiba. Wewe umesema mmoja, tena wa kazini, na unakunyima usingizi. Uzeni."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hufanywa na watu wa kwetu tu. Nilitangaza safari kabla sijawa na pasipoti. Kwetu mtu wa safari kubwa huagwa. Usharika ukatuombea. Walimu wenzake wakampa kitenge. Vibarua wa barafu wakachanga, wakaninunulia miwani ya jua, na majirani wa Buswelu, tulikokuwa tumejenga vyumba viwili, wakapika pilau, wakalia kidogo kama inavyotakiwa. Michembe ililetwa ya kutosha kulisha Sur yote na vijiji vyake. Halafu kesho yake asubuhi wakanikuta bombani na ndoo.

"Bado upo?"

"Nipo."

"Si tulikuaga jana?"

Kila siku nilijibu swali hilo mara mia tatu. Nilianza kupita njia za nyuma kwenda kazini. Mtu aliyeagwa hana haki ya kuonekana ananunua nyanya.

Fomu za pasipoti nilijaza mimi, zote mbili. Mwalimu alikuwa amezama kwenye madaftari ya mitihani, na mimi nilijivunia mwandiko wangu wa masomo ya jioni, wenye mikia na vichwa. Nikafika penye kazi. Nikatazama lile neno, kibarua. Lilionekana dogo mno kwa nafasi kubwa waliyoacha. Nikaandika: mhandisi wa barafu. Kwa upande wa mke wangu, neno mwalimu nikaliona la kawaida mno, hasa kwa mtu anayekwenda nchi za nje. Nikaandika: mtafiti wa majangwa. Sababu ya safari: utafiti. Nikampelekea atie sahihi. Yeye ambaye katika maisha yake hakuacha daftari la mtoto lipite bila kalamu nyekundu, karatasi ile moja hakuisoma. Iliandikwa na mumewe.

Tulikwenda ofisi ya uhamiaji pamoja. Afisa alikuwa mama mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya shingo. Alisoma fomu ya kwanza, akasoma ya pili, akarudi kwenye ya kwanza.

"Mhandisi wa barafu ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Uhandisi umesomea wapi?"

"Masomo ya jioni."

"Siku hizi wanafundisha uhandisi jioni?"

"Wanafundisha Kiswahili, hesabu, siasa na jiografia. Barafu nilijiongeza."

Hakucheka. "Na mtafiti wa majangwa?"

Mwalimu aligeuza shingo taratibu kunitazama. Nimekaa kwenye baridi ya digrii ishirini chini ya sifuri, lakini siku ile ndiyo niliyotetemeka.

"Mtafiti anahitaji kibali cha utafiti," afisa akaendelea, "na barua ya chuo. Chuo gani?"

"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi," akasema Mwalimu. "Fomu ile sikuijaza. Nimeitia sahihi bila kuisoma, kosa langu. Nikipewa nyingine nitaijaza hapa hapa."

Afisa alimtazama, akatazama vidole vyake vyenye chaki, akampa fomu mpya na kalamu. Akaijaza akiwa amesimama kwenye ukingo wa kaunta, mwandiko wa ubaoni, bila mkia. Kazi: mwalimu. Sababu ya safari: kuona jangwa.

"Kuona tu?" afisa akauliza.

"Kuona tu."

Barua ya mwalimu mkuu alikuwa nayo mkobani. Fomu ikapokelewa. Mimi nikaambiwa nikalete barua ya mwajiri inayosema kazi yangu halisi, nami nitapokelewa siku hiyo hiyo.

Ningekwenda kesho yake, hadithi hii ingekuwa na watu wawili. Lakini nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu wa Buswelu kwamba serikali inanishughulikia kama mhandisi. Nikaanza kumzungukia msimamizi wa kiwanda. Siku ya kwanza nilimwomba aandike fundi mkuu wa ubaridi. Akakataa. Nikampa muda apoe, na pale kiwandani kupoa si kazi. Wiki iliyofuata nikaomba mtaalamu msaidizi. Wiki ya tatu nikashuka mpaka mwangalizi wa barafu.

"Kaka," akaniambia, "wewe unashika sepetu. Nikiandika mtaalamu, na aliyekuajiri nimwandike nani, waziri?"

Nilipochukua barua yenye neno kibarua na kuipeleka, wiki tatu zilikuwa zimekwenda. Pasipoti zilitengenezwa Dar es Salaam wakati huo, na makaratasi yalisafiri kama watu, kwa zamu. Ya Mwalimu ilirudi mwanzoni mwa Desemba. Yangu haikuwepo. Afisa alifungua kitabu, akanionyesha tarehe ya fomu yangu, akanionyesha tarehe ya mke wangu.

Tulimpelekea rafiki yetu namba ya pasipoti ya Mwalimu, naye akatuma viza kwa njia ya faksi, kwenye kibanda kimoja cha mjini ambako unalipia kutuma na unalipia kupokea. Ilikuwa na siku zake, na likizo ya shule ilikuwa na siku zake. Mwalimu aliweka viza na kalenda ya shule mezani, akazilinganisha.

"Tungoje mwakani," akasema.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kusema chumvi imekwisha. Nilijua mwakani ni nini. Mwakani ni ada ya mtoto wetu wa sekondari, ni paa la jikoni, ni msiba mmoja au miwili, na ng'ombe watatu wangeyeyuka humo bila mtu kuona hata kwato. Alijua pia. Na sababu ya kutokwenda peke yake aliijua kila mtu. Mwanamke akienda Arabuni bila mume, watu hawaulizi amekwenda kuona nini. Wanajijibu wenyewe.

Usiku ule sikumwambia lolote. Asubuhi nilimwachia kibarua mwenzangu zamu yangu, nikavuka ziwa peke yangu. Kwenye kivuko nilijaribu kuipamba habari, niitengeneze kidogo, labda mafuriko yamezuia pasipoti, labda vita. Nilipofika kwa baba mkubwa nilikuwa nimechoka nayo. Nikamweleza ilivyokuwa: fomu, mhandisi, mtafiti, wiki tatu za kutafuta cheo.

Alicheka mpaka mke wake akatoka ndani kuangalia kama ni kifafa. Akarudia neno mhandisi, akacheka upya. Tangu siku hiyo ukoo mzima unaniita Mhandisi, hata watoto, hata kwenye misiba.

"Sasa umekuja kuomba nini?" akauliza alipopata pumzi.

"Aende peke yake. Watu watasema."

"Ng'ombe waliuzwa kwa ajili ya nani?"

"Yeye."

"Basi watu waseme wakati anakwenda. Wakiniuliza mimi, nitawaambia mumewe alibaki kwa sababu ya uhandisi."

Nilirudi nyumbani na ruhusa ya ukoo, nikamkuta Mwalimu anakunja kanga na kuzirudisha sandukuni, zile za safari. Nikamwambia nimetoka ng'ambo, na kwamba aende.

"Na wewe?"

"Mimi niliharibu fomu."

"Umemwambia baba hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Bila kuongeza?"

"Alicheka sana, sikupata nafasi."

Alinitazama kwa muda, kama anatafuta kosa kwenye daftari na halioni. Kisha akazitoa kanga. Akachukua ile manila, akakata jina langu kwenye safu ya zana kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja ulionyooka.

Aliondoka kwa treni, siku mbili mpaka Dar, na kutoka huko ndege. Majirani walikuja stesheni kumuaga mara ya pili. Mimi wakanipa pole, kama mjane. Mizigo yake ilikuwa mitatu, miwili ikiwa michembe. Treni ilipoanza kusogea alichungulia dirishani na kunikumbusha kwamba unga uko kwenye debe la bluu. Wiki mbili zile nilipika ugali ambao hata kuku waliujadili kwanza. Simu ilikuja mara moja, dukani kwa jirani, dakika mbili tu. Aliniambia amefika, bahari ni ya chumvi kweli, na kesho yake wanakwenda kule. Nikamuuliza anajisikiaje. Simu ikakatika, au aliikata, mpaka leo hatujakubaliana.

Alirudi mapema Januari, amekuwa mweusi zaidi, na tende kilo sijui ngapi. Nyumba ilijaa. Baba mkubwa mwenyewe alivuka kwa kivuko, kavaa koti, akapewa kiti chenye mgongo. Mtu mmoja akauliza, haya, jangwa likoje. Nami, kwa mazoea tu, nikasimama.

"Jangwa lile, ndugu zangu, ndege akianza kulivuka akiwa kifaranga, anatokea upande wa pili ana wajukuu."

"Wewe ulikuwa wapi?" Mwalimu akauliza.

"Hapa."

"Kaa."

Nikakaa. Watu walicheka, kisha wakanyamaza kwa sababu alikuwa ameanza, na hakupandisha sauti. Alisema rafiki yetu alimpeleka juu ya kilima cha mchanga kabla jua halijachomoza, akamwacha, akashuka kungoja chini garini na familia yake. Kulikuwa na baridi, alivaa sweta. Alisema miaka yote amewaambia watoto kwamba kule hakuna kitu. Kulipopambazuka aliona mchanga wote una nyayo. Za mende, za mjusi, za panya, za mnyama mwingine asiyemjua, kila mmoja na njia yake, nyembamba, imenyooka mpaka shimoni. Alizifuata moja moja. Saa nne upepo ukaja, zikafutika zote, na pakawa kama pale alipokuwa akipafundisha.

Baba mkubwa alitafuna tende, akatoa kokwa, akaiweka kwenye kiganja.

"Na ng'ombe?" akauliza. "Wapo?"

"Wapo, baba. Pwani, wachache. Na ngamia."

"Mchanga mtupu. Wanakula nini?"

"Tende. Na dagaa wakavu."

Chumba kikaguna. Baba mkubwa aligeuka polepole, akaniangalia mimi kwa jicho la tuhuma, kisha akamrudia yeye.

"Ng'ombe anakula dagaa. Hilo umefundishwa na huyu Mhandisi?"

"Hapana, baba," Mwalimu akasema. "Nimeona."